Honi moja yanitoa kazini kuliko malori mia. Ni mimi au ni Mikindani?

BintiMvita (Jumatatu, saa 5:40 usiku)

Hamjambo jamvini. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Nakaa Mikindani ya hapa Mombasa, ghorofa ya kwanza, dirisha limeelekea barabara kuu ya Nairobi. Nina miezi mitano huku, nimetoka nyumbani kwa mama Mji wa Kale. Kazi yangu ni kunakili rekodi: watu wa utafiti hunitumia mahojiano, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika ya rekodi. Dakika moja nikiimaliza kwa dakika nne, napata kitu. Ikinichukua kumi, nimefanyia watu kazi ya bure.

Jana nimerudishiwa kazi. Ni mvuvi, mzee, sauti nzito ya chini, anasema "k...si ikianza, hatutoki nje ya mwamba." Nimeirudia mara nane. Mara lori lapanda, mara yule wa tuktuk anayeegesha hapa chini apiga honi, pee-pee-peee, mpaka namsahau mzee alikuwa akizungumzia nini. Mwisho nikaandika "kasi ikianza", nikatuma. Ikarudi na alama nyekundu: haina maana, sikiliza tena.

Linalonishangaza ni hili. Mji wa Kale hakukuwa kimya hata siku moja. Watoto wa chuo cha Kurani, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mkokoteni kwenye vile vichochoro, jirani na redio yake tangu alfajiri. Nilisoma pale, nikafaulu pale. Huku kichwa hakikai. Ijumaa usiku nilimfokea mdogo wangu kwa sababu ameangusha kijiko. Kijiko!

Mama asema "utazoea, mwanangu". Miezi mitano haijatosha? Au mimi ndiye mwenye kasoro?

Shebe_Tononoka (Jumatatu, saa 5:52 usiku)

Nunua hedifoni zile kubwa za kufunika sikio. Kwisha maneno.

BintiMvita (Jumatatu, saa 5:58 usiku)

Ninazo, ndizo nasikilizia. Nikipandisha sauti masikio yauma, nikishusha lori laingia. Na joto hili la Mombasa, ukizivaa saa tatu mfululizo ukizivua sponji yake waweza kuikamua.

Plot_Bei_Poa (Jumanne, saa 12:10 asubuhi)

Ploti Mtwapa 50 kwa 100, kimya kabisa, hati iko tayari. Nitumie ujumbe.

Shebe_Tononoka (Jumanne, saa 12:31 asubuhi)

Mtwapa kimya? Mtwapa ipi hiyo, ya usiku au ya mchana?

Taniboi_Mstaafu (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Bi dada, pole. Nimekaa kwenye kebini ya trela miaka 19, Kilindini mpaka Malaba, safari nyingine Kampala, nyingine Kigali. Huenda nimekukosesha usingizi mimi mwenyewe. Wacha nikwambie unachokisikia, maana watu husema "lori" kana kwamba ni sauti moja.

Ile ngurumo ndefu ya kupanda ni injini kwenye gia ya chini na mzigo wa tani ishirini na kitu nyuma. Hiyo haina ujanja. Ile ta-ta-ta-ta kama bunduki ni breki ya injini: dereva anateremka, hataki kuchoma breki za magurudumu, anaiacha injini imshike. Kule Mazeras namwelewa. Katikati ya nyumba za watu saa nane za usiku, huyo ni mvivu, ama breki zake haziamini.

Sasa ule mshindo wa bati kwenye tuta, GWAA, unaokurusha kitandani. Hilo ni kontena tupu linarudi bandarini. Watu hudhani lililojaa ndilo lenye kelele. Lililojaa limetulizwa na uzito wake. Tupu, zile kufuli nne za pembeni zikilegea, sanduku zima laruka na kukaa tena juu ya trela. Sisi tulikuwa tukizibana kwa vipande vya tairi kuukuu. Siwadanganyi kwamba ni kwa kuwahurumia wenye nyumba. Ni kwa sababu hata ndani ya kebini kichwa kilikuwa chapasuka.

Na honi ya upepo ni hewa ileile ya breki, kwa hivyo haichoki. Wako madereva wakipita kwa mtu wao hupiga mbili fupi, moja ndefu. Majina sitaji.

Makanga_Bamburi (Jumanne, saa 2:40 asubuhi)

Mimi nitawatetea wapiga honi. Honi ndiyo mdomo wetu. Nikiwa Buxton na gari lina viti vitatu vitupu, sina namna ya kumuuliza mtu aliye ng'ambo ya barabara kama aenda Bamburi. Nampigia honi, akitikisa kichwa naendelea. Hiyo ni mazungumzo, si kelele.

BintiMvita (Jumanne, saa 2:55 asubuhi)

Kaka, mazungumzo ni ya watu wawili. Mimi niko ghorofani na pia nimehojiwa kama naenda Bamburi. Mara mia mbili kwa siku.

MzeeWaTudor (Jumanne, saa 4:20 asubuhi)

Binti, kwanza neno ni KUSI. Mvuvi gani atabaki ndani ya mwamba kwa kuogopa "kasi"? Upepo wa kusi ukianza bahari ya nje huchafuka, ngalawa hazipiti mlango wa mwamba. Hilo halihitaji hedifoni.

Pili, nyinyi vijana mmezidi kulia. Mimi nimesoma Majengo, nyumba ya makuti, chumba kimoja watoto sita, taa ya chemni, ngoma jirani kila Alhamisi. Nimekuwa mwalimu miaka 34. Kelele haikuniua.

BintiMvita (Jumanne, saa 4:31 asubuhi)

Mzee wangu shikamoo. Nimejifunika uso. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, nimezaliwa nikisikia habari za kusi na kaskazi kila siku ya Mungu. Nilikosaje? Hilo ndilo lililonitisha sasa kuliko lile la kurudishiwa kazi.

FundiSauti_Kisauni (Jumanne, saa 7:05 mchana)

Hukukosa wewe. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti, harusi na mikutano, hili nalijua kwa mikono.

Kila vokali ina mahali pake. "A" nguvu yake imepanda juu zaidi, "u" karibu yote iko chini, kwenye besi. Lori nalo limejaa besi. Mzee wako ana sauti nzito, akasema "u", lori likaja likaikalia. Ulichobakiwa nacho ni "k" na "s", kwa sababu hizo ziko juu zaidi na lori huzifikia kwa shida. Ubongo ukajaza pengo. Ukajaza vibaya.

Besi hiyohiyo ndiyo haizuiliki kwa pazia wala kwa godoro ulilosimamisha dirishani (najua umefanya, wote hufanya). Nyumba zetu zina vidirisha vya vioo vya kufungua kwa mpini, na juu yake matundu ya hewa. Kelele hupita penye hewa. Ukiziba hewa, utakufa kwa joto. Ulaya wao hupachika vioo viwili, wanafunga, wanawasha mtambo wa joto. Sisi kufunga dirisha ni adhabu.

Na kabla hajaja mtu kusema "bandika trei za mayai ukutani": USIBANDIKE. Trei ya mayai hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba, tena wa sauti nyembamba tu. Haizuii kitu kutoka nje. Utakachopata ni mende.

Shebe_Tononoka (Jumanne, saa 7:11 mchana)

Nilikuwa naandika hiyo ya trei. Nimefuta.

Afya_Jamii (Jumanne, saa 2:48 usiku)

BintiMvita, huna kasoro yoyote. Nilisomea afya ya mazingira, ingawa siku hizi maisha yamenipeleka kwenye maji na vyoo. Kuna jambo moja la darasani sijalisahau.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliwaketisha watu chumbani wakawapa kazi za hesabu huku wakiwapigia kelele za kupasua masikio. Kelele yenyewe waliitengeneza kama pilau: watu wawili wakizungumza Kihispania, mmoja Kiarmenia, mashine ya kurudufu, mashine ya kupigia hesabu, taipureta, vyote juu ya vyote. Wengine walipigiwa kwa vipindi vya kujulikana, wengine kwa kushtukizwa. Wakati kelele inaendelea, wote walifanya kazi yao vizuri tu. Walizoea haraka.

Shida ilikuja baadaye, chumba kimeshakuwa kimya. Wakapewa mafumbo, mengine hayana jibu, ili ionekane nani atang'ang'ana. Wale waliokuwa wakishtukizwa waliyatupa mapema. Wakapewa maandishi wasahihishe, makosa yakawapita. Yaani deni la kelele walililipa kelele ikiwa haipo tena. Ndiyo maana habari ya kijiko chako imenichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Kuna kundi jingine lilipewa kitufe. Wakaambiwa: ikikushinda bonyeza, itazimika, ila tungependa usibonyeze. Karibu wote hawakubonyeza. Walisikia kelele ileile, kwa kiasi kilekile. Na kwenye mafumbo walivumilia kuliko wasiokuwa na kitufe. Haya yalichapishwa 1972 na bado hufundishwa.

Sasa fikiria muuza kahawa wa Mji wa Kale. Unamjua, unajua saa yake, unajua kichochoro atakachokatia, na ungetaka ungemwita dirishani ukamwambia "ami, leo nina mtihani". Hukumwambia kamwe. Lakini ungeweza.

MzeeWaTudor (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Hii ya kitufe nimeisoma mara mbili. Endelea, mwanangu.

Mwalimu_G4 (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Nafundisha gredi ya nne, shule ipo kando ya barabara ya malori, eneo la Changamwe. Wiki jana nimetoa imla. Sentensi: "Mama alipika wali wa nazi." Trela likapita katikati. Daftari kumi na moja zimeandikwa "Mama alipiga wali wa nazi."

Nilicheka mpaka nikaketi. Kisha nikajiuliza, ni mangapi mengine wanayakosa ambayo hayaonekani daftarini? Ile imla ya sentensi nane niliikatiza mara sita. Unanyamaza, lori lipite, unaanza upya, na wale wa nyuma wameshaanza habari zao. Nikirudi nyumbani sauti imekauka na sina hamu ya kuzungumza na mtu, mume wangu adhani nimenuna.

Afya_Jamii (Jumatano, saa 6:30 mchana)

Mwalimu, Barcelona walilifuatilia hilohilo, kelele za magari. Watoto 2,680 wa miaka 7 hadi 10, shule 38, waliwapima mara nne ndani ya mwaka mmoja kati ya 2012 na 2013. Shule zenye kelele zaidi nje, watoto wake walikua taratibu zaidi katika kumbukumbu ya kazi, ile ya kushika kitu kichwani huku unakifanyia jambo jingine. Kila desibeli 5 (ndicho kipimo cha kelele) zikiongezeka, ukuaji huo ulipungua kwa takriban asilimia 11 ukilinganisha na wastani. Umakini pia uliguswa, kwa kiasi kidogo. Na mle darasani kilichoonekana kuumiza ni kelele ya kupanda na kushuka, hata penye wastani mdogo. Kelele za nyumbani kwao hazikuonyesha athari hiyo. Utafiti ulitoka 2022.

Kumbukumbu hiyo ndiyo BintiMvita anayoitumia kupata mkate wake wa kila siku. Ukitumia akili nyingi kukamata sauti tu, hiyo iliyobaki haitoshi kukumbuka kwamba huyu ni mvuvi na anazungumzia upepo. Ndivyo mjukuu wa nahodha anavyokosa kusi.

Lakini nisipendelee upande wangu. Kabla ya hapo kulikuwa na utafiti mkubwa wa Uingereza, Uholanzi na Uhispania, uliochapishwa 2005, watoto zaidi ya 2,800 karibu na viwanja vya ndege vitatu. Kelele za ndege zilihusiana na kusoma kwa shida. Kelele za barabarani HAZIKUONYESHA hilo, na kwenye aina moja ya kumbukumbu watoto wa barabarani walifanya vizuri zaidi kidogo, hata watafiti wenyewe hawakutarajia. Zilichoonyesha wazi ni kero: kadiri barabara inavyopiga kelele, ndivyo watoto walivyosema inawaudhi. Kwa hiyo Mzee wa Tudor na ngoma zake za Alhamisi hajasema uongo. Kero ni jambo moja, akili kutokufanya kazi ni jambo jingine, na haviendi sambamba kila siku.

MzeeWaTudor (Jumatano, saa 6:44 mchana)

Alhamdulillahi, kumbe kuna mwenye haki jamvini.

Karani_Mvita (Jumatano, saa 10:15 jioni)

Mnazungumza kana kwamba hakuna sheria. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Eneo la makazi, nje ya nyumba: desibeli 50 mchana, 35 usiku, na usiku waanza saa 2 na dakika 1. Kanuni hizohizo zakataza honi isipokuwa kwa kuzuia ajali. Makanga, umesikia? "Waenda Bamburi?" haimo. Juu yake kuna Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi na yenye afya.

Makanga_Bamburi (Jumatano, saa 10:22 jioni)

Desibeli 35 usiku? Mombasa? Hata paka wa Kongowea wanavunja sheria.

FundiSauti_Kisauni (Jumatano, saa 11:02 jioni)

Hapo Makanga kasema kweli. 35 ni chumba cha kulala chenye saa ya ukutani na hakuna mtu. Shirika la Afya Duniani, mapendekezo yake ya 2018 kwa Ulaya, liliomba kelele za barabara zisizidi 45 usiku, na 53 kwa wastani wa siku nzima uliotiwa uzito zaidi jioni na usiku. Hata katika hiyo 53 walikubali kwamba mtu mmoja katika kumi atakuwa ameudhika sana.

Halafu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Malori mawili ya 70 hayafanyi 140, yafanya 73. Ukitaka sikio lihisi kelele imepungua nusu, wahitaji kushusha kama desibeli 10, ambayo ni kuondoa malori tisa katika kila kumi. Ukiondoa nusu ya malori yote ya Mombasa, kipimo chashuka 3 na watu watasema hakuna kilichobadilika.

Taniboi_Mstaafu (Jumatano, saa 1:20 usiku)

Hiyo niliiona kwa macho. Mizigo ilipoanza kupanda treni ya SGR mwaka 2018, sisi tulilia kazi zinakwisha, na kweli wenzangu wengi walikaa bure. Nikadhani angalau walio kando ya barabara watapumua. Shemeji yangu Miritini akaniambia kelele ni zilezile, ila sasa kati ya lori na lori apata kusinzia, na lile linalofuata ndilo lamwamsha vibaya zaidi!

Afya_Jamii (Jumatano, saa 1:41 usiku)

Shemeji yako yuko sawa. Na hapo nimjibu mama wa BintiMvita: kuna kuzoea na kuzoea. Baada ya muda mtu haamki tena kila lori likipita, na asubuhi ataapa amelala fofofo. Ukimpima usiku, moyo bado waongeza mapigo kelele ikipita. Mwenyewe hana habari. Aamka amechoka, alaumu chai.

BintiMvita (Alhamisi, saa 3:30 usiku)

Nimesoma yote. Nimefanya mambo matatu.

Kwanza nimepima kwa programu ya simu. Fundi najua utasema simu si kipimo cha mahakamani. Dirishani saa kumi jioni yaonyesha 70 hadi 74, tuktuk ikipiga honi yaruka 88. Nikazunguka nayo nyumba nzima kama mtu anayetafuta mtandao. Jikoni, nyuma, dirisha laelekea ua wa jirani na mpapai: 55. Jengo lote liko katikati yangu na barabara na miezi mitano sikuwahi kulifikiria, kwa sababu jikoni ni pa kupikia.

Pili nimehamisha meza. Imekaa kati ya mtungi wa gesi na ndoo ya mchele. Mdogo wangu asema nanuka vitunguu.

Tatu nimeshuka chini kwa yule wa tuktuk.

Shebe_Tononoka (Alhamisi, saa 3:33 usiku)

Mmepigana?

BintiMvita (Alhamisi, saa 3:47 usiku)

Nilishuka nikiwa nimejiandaa kupigana. Ni mtu mzima, ndevu nyeupe, na kiti chake amekivisha kitambaa cha maua. Nikamsalimu, nikamwambia ami, mimi nakaa hapo juu, kazi yangu ni ya kusikiliza. Akastaajabu. Kumbe apiga honi kumwita mtoto wa nyumba ya tatu, ampeleka na kumrudisha masomo ya ziada, na mama wa yule mtoto hashiki simu. Akasema, "Mbona hukusema siku zote hizi, mwanangu? Mimi nilidhani hapo juu ni stoo." Dirisha langu lina yale magodoro, Fundi umenijua.

Akanipa namba yake. Ukiwa na kazi ngumu nipigie, nitamfuata mtoto kwa miguu.

FundiSauti_Kisauni (Alhamisi, saa 3:55 usiku)

Stoo! Ondoa magodoro, upate hewa.

Tena jikoni washa feni, iwe inavuma mfululizo. Sauti ya kudumu isiyobadilika huzifunika zile ndogondogo za kushtua. Haitalizuia lori, lakini mlango wa jirani na sufuria hutazisikia.

MzeeWaTudor (Alhamisi, saa 4:02 usiku)

Feni ya dari yaitwa pangaboi. Nasema tu kwa faida ya vizazi.

Mwalimu_G4 (Ijumaa, saa 9:40 alasiri)

Nami nimejaribu la kwangu. Darasa siwezi kulihamishia jikoni. Lakini imla na kusoma kwa sauti nimezipeleka saa moja na nusu asubuhi badala ya saa nne, kwa sababu kwetu malori hupamba moto baadaye. Saa nne tunachora na kufanya kazi za mikono, lori lipite lipendavyo. Nimeomba pia tubadilishane na darasa la upande wa uwanjani zamu kwa zamu, mwalimu mkuu atafikiria. Tuliwahi kuandika barua kuhusu matuta yaliyowekwa mbele ya lango, yale yanayorusha kontena za Taniboi. Tuta liliwekwa ili watoto wavuke salama, na kwa hilo nashukuru, lakini ofisi husika hatujasikia neno, mwaka wa pili huu.

Taniboi_Mstaafu (Ijumaa, saa 11:18 jioni)

Mwalimu, tuta lile likiwa refu na la mgongo mpana, lori hupanda na kushuka taratibu, kontena halirukiruki. Tatizo ni yale membamba makali kama kaburi la mtoto. Barua nyingine iandikeni hivyo, msiombe litolewe.

Karani_Mvita (Ijumaa, saa 11:30 jioni)

Ipelekeni kwa mkono na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua bila muhuri haikuwahi kuandikwa.

BintiMvita (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Taarifa ya mwisho kwa waliouliza kwenye ujumbe wa faragha.

Leo nimenakili dakika 48. Dakika moja yanichukua kama tano, bado si nne, lakini si kumi. Malori nayasikia hata huku jikoni, yako mbali kidogo, kama ya mtu mwingine. Yule mvuvi nimemsikiliza upya tangu mwanzo na kumbe kabla ya ile sentensi alikuwa ameshataja kaskazi mara mbili. Mara mbili! Nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ami wa tuktuk bado apiga honi, moja fupi, saa kumi na moja na nusu. Namba yake sijaipiga hata mara moja.

Afya_Jamii (Jumapili, saa 2:20 usiku)

Usiifute.

Shebe_Tononoka (Jumapili, saa 2:26 usiku)

Mimi nimebaki na swali moja. Huku Tononoka jana saa nane usiku lori limepiga mbili fupi, moja ndefu.

Taniboi_Mstaafu (Jumapili, saa 2:41 usiku)

Nimestaafu, bwana. Uliza mke wangu.